Ngozi ya Kumi na Nne

2 Machi

Mvua tangu alfajiri. Sikwenda kanisani, na wala sitasingizia ugonjwa: sikutaka kulowa. Nimeanza kaunta buku jipya. La zamani panya wamelila pembezoni, halafu Kenneth kazi yake ni kuniambia, "Mama Neema, hukuniambia hivyo." Sasa nitaandika. Tukibishana, tutabishana karatasi ikiwa mezani.

Kenneth ana kambi juu ya ziwa Kisiba, mahema saba. Kila hema hutandikwa ngozi mbili za ng'ombe, juu yake ndiyo mifuko ya kulalia, maana ardhi ya huku haikauki hata kiangazi na baridi inapanda kutoka chini. Jioni wageni wanazivuta ngozi hizo hizo mpaka kwenye moto, wanazikalia, wanazimwagia bia na supu, wanaziacha zilale na umande. Asubuhi wanaondoka. Anayebaki nazo ni mimi, Bupe, mjane wa miaka hamsini na sita, mtoto wa mtu aliyewamba ngozi maisha yake yote.

Masika kambi inakuwa haina watu, na ngozi zinaletwa kwangu zitengenezwe mpaka Pasaka. Nimezihesabu leo, kumi na tatu. Hema la saba lina ngozi moja tangu mwaka juzi, wageni walipoisogeza ya pili motoni ikakakamaa na kupasuka katikati. Kenneth anataka ya kumi na nne. Mimi nataka paa lisilovuja.

4 Machi

Mvua.

7 Machi

Kuvu. Ngozi nne zimeota kuvu ya kijani kwenye manyoya. Ngozi ya hivyo huipigi fimbo ndani ya nyumba, utailisha mapafu yako. Unaitoa barazani, unaipangusa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, unaipiga brashi kufuata manyoya yalivyolala, halafu unaitundika kivulini penye upepo. Si juani, hata jua likitokea kwa huruma, kwa sababu linakausha juu na kuacha ubichi ndani. Si karibu na jiko. Ikikauka ndipo unaipaka mafuta ya ng'ombe upande wa ndani, kidogo kidogo, kwa kiganja, mpaka kiganja chenyewe kiombe msamaha. Na haikunjwi! Inaviringishwa, manyoya nje. Miaka mitano namwambia Kenneth haikunjwi. Mbili zimekuja zimekunjwa kama mashati ya shule na mikunjo imeanza kupasuka.

Haya yote nilifundishwa na baba. Jambo moja alinifundisha akiwa amenishika sikio: ngozi ya mnyama aliyejifia haiingii nyumbani. Mnyama aliyejifia anafukiwa na ngozi yake. Nilikuwa na miaka tisa na sikio liliuma siku mbili.

11 Machi

Kenneth amekuja na pikipiki, matope mpaka kwenye meno.

"Mama Neema, mbona bado zinanuka?"

"Zinanuka bia ya wageni wako."

"Pasaka nina wanachuo kumi na wanne kutoka Mbeya. Bila ngozi ya kumi na nne, mmoja atalala kwenye maji."

"Mpe yako ya mgongoni."

Akacheka. Ni kijana mzuri, tatizo lake anadhani ngozi zinachumwa shambani kama parachichi. Alipopanda pikipiki ndipo akasema lililomleta. Nisipopata ngozi mpaka Pasaka, atanunua magodoro ya plastiki, yote kumi na manne, tuachane na shughuli ya ngozi. Amelisema kwa upole na ndiyo maana limeniuma zaidi. Nikitolewa kwenye hii kazi, mimi ni nani hapa Kisiba? Mama mwenye migomba, kama wengine wote.

15 Machi

Mvua. Ngozi moja kati ya zile nne imeanza kulainika.

19 Machi

Kaka yangu Andongwisye amefariki. Presha. Nimepokea simu nikiwa na mafuta mpaka viwikoni, simu ikanitoka ikaanguka kwenye majivu. Naondoka kwenda kwake Masoko.

24 Machi

Nimerudi. Nimechoka kulia na nimechoka na watu. Lakini liko jambo nisipoliandika nitaanza kujiambia kwamba sikuliona.

Kwetu mkwe haji msibani mikono mitupu. Anakuja na ng'ombe, na ng'ombe anachinjwa siku hiyo hiyo, watu wote wanaona nani kaleta nini. Wilson, mume wa binti yangu Neema, alikuja msiba uliopita na beberu. Walimcheka mwaka mzima, na mimi mama mkwe wake nilichekwa pamoja naye. Safari hii akatoka kwao Kinyala na dume la ng'ombe, akaliswaga kwa miguu, mvua inamnyeshea.

Siku ya maziko, kumepambazuka tu, akaja peke yake nyuma ya jiko akaniita. "Mama, naomba njoo." Nikamfuata mpaka kwenye migomba chini ya nyumba. Dume limelala njiani, shingo imekatwa.

"Nimemchinja hapa hapa, mama. Alikuwa amechoka."

Nikaitazama ile shingo. Kisu kilikuwa kimepita mpaka mfupani, na damu iliyokuwa kwenye majani isingejaza kikombe. Nimeona ng'ombe wakichinjwa tangu naota meno. Ng'ombe aliyechinjwa akiwa hai analowesha ardhi, unaruka kupita. Huyu puani alikuwa na damu nyembamba, nyeusi, haijaganda, na tumbo limeshajaa upepo. Kisu kilimkuta ameshakufa.

Wilson akakifuta kisu kwenye jani la mgomba. "Mama, watu watasema nimeleta mzoga."

Nikamwambia, "Umechinja, baba. Waite watu wamchune."

Wakamchuna, naye Wilson akawasaidia. Wakapika, wakala, wakamsifu. Wilson alitembea kifua mbele. Neema alinikumbatia mbele ya mashangazi wote, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kila mtu anajua natafuta ngozi, basi wakaniletea ngozi yake. Upande wa ndani unatakiwa uwe mweupe. Huu ulikuwa mwekundu wa kuiva, mishipa imejaa damu, unaweza kuihesabu. Niliitia chumvi kwa koleo, nikaisukumia kwenye kiroba kwa koleo hilo hilo. Sikuigusa kwa mkono. Kisha nikaiacha Masoko, nyuma ya choo, nikapanda bodaboda.

26 Machi

Esnath amekuja. Huyu ni mjane wa kaka, wifi yangu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo hatujawahi kupika chungu kimoja bila kununiana. Watoto wake wamesharudi Dar es Salaam na nyumba inamtisha. Amekuja na begi moja mkononi na kiroba kichwani.

"Umesahau mzigo wako, wifi," akasema, akakitua barazani.

Nikamwambia ahsante. Ningeweza kusema sikusahau. Kiroba kikaingia ndani.

27 Machi

Ameunguza maharage yangu. Anasali kwa sauti kama Mungu ana matatizo ya kusikia. Sijui atakaa mpaka lini.

28 Machi

"Nipe kazi, wifi. Nikikaa bure nafikiri."

Zilikuwepo ngozi za Kenneth za kupaka mafuta, na ilikuwepo ile ya kukwangua. Nilikuwa na kinywa. Nilikuwa na baba aliyenishika sikio. Lakini nilikuwa na magodoro ya plastiki kichwani pia, na hofu ya kuulizwa kwa nini naitupa, maana nikiitupa ngozi ya ng'ombe wa Wilson, kesho Masoko nzima inajua. Nikamwambia, "Kwangua ile mpya. Taratibu, usiitoboe."

Akakunja mikono ya blauzi, akaitandika kwenye gogo, akashika kisu. Mikono yake ina mikwaruzo kila mahali, mpaka wiki ya msiba alikuwa akichuma chai. Mimi nikakaa upande wa pili na mafuta yangu.

Saa sita akainua kichwa. "Wifi, hii mbona nyekundu hivi?"

"Chumvi haijakolea," nikasema.

29 Machi

Mvua. Anakwangua.

31 Machi

Naona haya kuandika, lakini Esnath anakwangua vizuri kuliko mimi. Hajatoboa hata mahali pamoja. Tumeiwamba kwenye fremu leo na imevutika sawasawa, pembe zote. Imekaa jikoni, moshi unaifikia kwa mbali, pembeni yake zile kumi na tatu.

Wakati tunafunga kamba akaniambia kwamba kaka yangu alikuwa anaosha vyombo.

"Andongwisye? Acha uongo wako."

"Kila Jumapili. Anafunga mlango, anafunga na dirisha, anaosha mpaka masufuria. Akisikia sauti yako njiani ananirushia kitambaa, anakimbilia kwenye kiti na kushika Biblia."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote hiyo nilijua Esnath ndiye anayemzuia asije kwetu Jumapili. Nilimchukia kwa hilo, nikawafundisha na wengine wamchukie. Kumbe mtu alikuwa na sufuria zake. Tumecheka, halafu Esnath akaanza kulia, na mimi nikalia, na kuni zikazima.

1 Aprili

Esnath ana kipele mkononi, chini ya kiwiko. Anasema mbu.

2 Aprili

Kipele kimekuwa lengelenge. Kinawasha, hakiumi. Kenneth amepiga simu, nimemwambia ngozi ya kumi na nne ipo kwenye fremu. Amenisifu.

3 Aprili

Asubuhi lengelenge limepasuka na katikati ni peusi. Peusi kabisa, kama mkaa. Mkono umevimba mpaka begani na bado anasema hauumi. Hapo ndipo nilipoogopa. Kidonda cha namna hiyo kikiuma nalala usingizi. Kisichouma, hapana.

Tumekwenda zahanati. Daktari wetu ni Prisca, binti wa Singida, ana miaka miwili hapa na mpaka leo akitusalimia "ugonile" ni kama anauliza bei ya nyanya. Lakini ana mikono mizuri. Akaushika mkono wa Esnath, akautazama muda mrefu.

"Mama, unafanya kazi gani?"

Nikajibu mimi. "Tunatengeneza ngozi za kambini."

Akaniangalia. "Za ng'ombe? Kuna mpya mliyoishika karibuni?"

"Iko moja."

"Huyo ng'ombe alichinjwa au alikufa mwenyewe?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwenye benchi walikuwepo wanawake watatu wa Masoko, wote walikula nyama ile, mmoja wao ndiye aliyepiga vigelegele Wilson alipopita. Wote wakageuka, wanasikiliza.

"Alichinjwa," nikasema.

"Una uhakika, mama? Kama alikufa mwenyewe, huyu namkimbiza hospitali Tukuyu sasa hivi."

"Nilikuwepo. Mkwe wangu ndiye aliyechinja."

Akaandika. Akampa Esnath kapsuli za jipu, akasema uvimbe ukizidi turudi bila kuchelewa, hata kama ni Jumapili. Nimemshikia mwavuli mpaka nyumbani na mimi nimelowa.

4 Aprili

Mvua. Anameza kapsuli. Nimeitoa ile ngozi jikoni nikaipeleka bandani, kwa fimbo.

5 Aprili

Homa. Shingo imevimba upande mmoja. Jioni amesema, "Wifi, turudi kwa daktari?" Nikamwambia tusubiri mvua ipungue. Haitapungua, huu ni mwezi wa nne na hii ni Rungwe. Nilikuwa naogopa kuulizwa tena.

6 Aprili

Jumapili. Nimesali nyumbani, kwa sauti.

7 Aprili

Niandike yalivyokwenda.

Saa mbili asubuhi Neema akapiga simu. Habari za huko, nzuri, wifi yako Esnath anaendeleaje, hajambo kidogo. Halafu akasema, "Sikutaka kukusumbua mama, mko kwenye msiba. Wilson alikuwa na kidonda kidoleni tangu alipomchuna yule ng'ombe. Cheusi katikati. Tulikwenda hospitali Tukuyu, wakasema kimeta. Kamaliza sindano, amepona, jana ameshika jembe."

Nikamwuliza, "Aliwaambia nini kuhusu ng'ombe?"

"Ukweli. Kwamba alimfia njiani, akamkata shingo akiwa ameshakufa. Walimuuliza, akajibu. Watu wa mifugo wameshakuja kuchanja ng'ombe wetu wote, na wiki hii wanakuja huko Masoko."

"Hakuona haya?"

"Haya ya nini, mama, mtu anaumwa?"

Nilikaa chini pale pale barazani. Mtu niliyemfichia siri alikuwa ameshaitoa yeye mwenyewe, bila kulazimishwa, siku kumi zilizopita. Amepona, yuko shambani. Na mimi nilikuwa bado naitunza.

Nilikimbia mpaka zahanati bila mwavuli na bila kilemba. Nikamwambia Prisca yote, nimesimama mlangoni, maji yananichuruzika. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitukane. Akasema, "Nimekusikia," akachukua simu kuita gari.

Gari halikuweza kuvuka, maji yalikuwa juu ya daraja. Wanaume wanne walimbeba Esnath kwenye machela mpaka ng'ambo, maji kiunoni. Uso wake umevimba hata jicho moja halionekani. Ndani ya gari nikamshika mkono ule mzima nikamwambia, "Wifi, yule ng'ombe alikufa kabla ya kisu. Nilijua tangu Masoko. Nilijua siku nilipokupa kisu ukwangue."

Nilidhani amelala. Akasema polepole, bila kufungua jicho, "Ulisema chumvi haijakolea."

8 Aprili

Esnath amefariki saa tatu asubuhi.

10 Aprili

Hatukumuosha. Hatukumtazama uso. Watu wa afya walimfunga kwenye mfuko, wakamzika wao, wamevaa glovu na mabuti, kaburi refu kwenda chini kuliko la kawaida, pembeni ya kaka yangu. Hakuna ng'ombe aliyeletwa. Wanawake wa Masoko, ambao wanalia kila msiba tangu nawafahamu, walisimama mbali na hawakujua walie au wasilie.

Kisha wakaja kwangu. Wamechoma ngozi zote kumi na nne, fremu, gogo, kisu, brashi, kiroba, mpaka chumvi iliyobaki wakaimwaga shimoni. Wamenipulizia dawa jikoni na bandani. Nilizitengeneza ngozi zile miaka mitano, nilizijua moja moja, ile ya madoa, ile yenye kovu la mwiba, na sikusikia chochote zilipokuwa zinaungua. Nilitamani niumie.

Kenneth alisimama mpaka mwisho na kofia mkononi. Hakutaja magodoro. "Pole sana, Mama Neema," akasema. Kisha akavaa kofia, akaondoka.

Waliokula nyama na walioshika ngozi tumepewa vidonge vya siku kumi na nne. Mimi nimepewa wa kwanza.

12 Aprili

Mvua. Nasikia maneno. Wanasema Prisca amemuua Esnath. Kampa dawa ya jipu mtu mwenye kimeta, kamrudisha nyumbani akafe. Wanasema hawa wa kuja hawatujali, wamekuja kupata mshahara. Mtu ametupa mawe kwenye bati la nyumba yake. Leo zahanati imefungwa.

13 Aprili

Sikwenda kanisani. Prisca anajua nilichosema siku ile, ameandika. Akikifungua kile kitabu mbele ya watu nimekwisha. Mbona hakifungui?

16 Aprili

Kikao cha ukoo, Masoko, nyumbani kwa marehemu. Kaka yake Esnath, Ambindwile, ndiye aliyekiitisha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo. Neema na Wilson walikuja kutoka Kinyala. Prisca aliitwa, wakampa kiti cha plastiki katikati ya uwanja, peke yake, kimvua kinamdondokea. Wengine wote tuko chini ya bati.

Ambindwile ni mtu mpole, na leo sauti ilikuwa inamkatika. "Dada yangu alikuja kwako kwa miguu yake, daktari. Mkono unaonekana. Mkwe wetu Wilson alikwenda Tukuyu na kidonda hicho hicho, wakakijua. Wewe ukampa kapsuli. Ulisoma nini huko ulikosoma?"

"Nilimuuliza maswali yote yanayotakiwa," Prisca akasema.

"Ulimuuliza nini? Alijibu nini?"

Prisca akanitazama. Nilidhani ndiyo hapo. Akasema, "Mambo ya mgonjwa na daktari siwezi kuyasema hadharani, mzee wangu. Nimeandika nilichoambiwa, na wakubwa zangu wameona."

Basi uwanja ukalipuka. Huyo anajificha! Aondoke! Mwenyekiti aandike barua leo, ahamishwe! Kijana mmoja akasogea mpaka karibu na kiti chake. Wale wanawake watatu wa benchi walikuwepo, nao wakatazama chini. Walisikia kila neno siku ile, lakini wao walisikia "alichinjwa" na waliamini, kama wote; ukweli wa Wilson ulikuwa bado haujatoka Tukuyu.

Nilijua nikikaa kimya yamekwisha. Yule binti angeondoka na begi lake, angekuja mwingine, na mimi ningeendelea kuwa wifi wa marehemu, mama mkwe wa mwenye ng'ombe mkubwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Ndicho kilichonitisha, ule urahisi wake. Nikasimama.

"Aliyejibu si Esnath," nikasema. "Ni mimi. Daktari aliuliza mara moja, ng'ombe alichinjwa au alikufa. Nikasema alichinjwa. Akaniuliza kama nina uhakika. Akasema kama amekufa wanakwenda Tukuyu muda ule ule. Nikasema nilikuwepo. Na kweli nilikuwepo. Nilimwona ng'ombe, alikuwa mzoga."

Wale wanawake wa benchi wakainua vichwa.

"Na ngozi nilimpa mimi aikwangue. Mimi sikuigusa."

Wilson akasimama, machozi yanamtoka mbele ya wazee wote. "Mama, ulifanya hivyo kwa ajili yangu?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Ingenipunguzia. "Hapana, baba," nikamwambia. "Kwa ajili yangu. Sikutaka kuchekwa, na nilitaka ngozi."

Neema akafunika uso kwa kitenge. Hakuja kukaa karibu na mimi. Prisca akainuka kwenye kile kiti, akapangusa maji mgongoni, akaondoka bila kumuaga mtu, na watu wakampisha njia. Ambindwile aliinuka taratibu. Kisha akaja mpaka mbele yangu, karibu kabisa, akanishika mkono kama mtu anayetoa pole.

"Ndaga, ahsante kwa kusema," akaniambia, kwa sauti ya chini. "Sasa nyumbani kwetu usije tena. Hata tukifiwa, usije."

Nilirudi Kisiba kwa miguu. Hakuna bodaboda aliyesimama, au labda mimi sikuwapungia.

17 Aprili

Mvua.

18 Aprili

Ijumaa Kuu. Neema hapokei simu. Wilson ametuma meseji: "Mama tupe muda."

20 Aprili

Pasaka. Nimesikia muziki kutoka kambini, wanachuo wamefika. Zahanati imefunguliwa.

23 Aprili

Manyunyu tu leo. Nimemeza kidonge cha mwisho asubuhi, baada ya uji. Prisca amepita kunikagua, anatakiwa awakague wote waliokuwa na vidonge. Sikumkaribisha kiti kwa sababu nilijua hatakaa. Ameishika mikono yangu, akaigeuza huku na huku, akatazama viganja, vidole, viwiko, shingo. Hakuniita mama. Ameandika kwenye kitabu chake tarehe na jina langu, akaenda nyumba ya pili.

Sina kidonda chochote. Sina hata mkwaruzo.